Pangani au Mtae? Likizo ya pwani na likizo ya mlimani ndani ya Mkoa wa Tanga

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara kuu ya kaskazini, Segera ndipo njia zinapoachana. Ukikata kulia unakwenda Muheza na Tanga mjini, na kutoka hapo unateremka na pwani hadi Pangani. Ukinyoosha unapita Korogwe mpaka Mombo, kisha unaiacha barabara kuu na kuanza kuzunguka kona za kupanda Usambara: Soni, Lushoto, na mwenye moyo huendelea mpaka Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ukingo wa mlima, pale ardhi inapokatika na kuanguka hadi nyika ya Mkomazi.

Mkoa ni huo huo mmoja, lakini likizo hizi mbili hazifanani hata kidogo. Wengi huchagua vibaya kwa sababu hujiuliza kama wanapenda bahari au milima. Akiwa amekaa sebuleni, kila mtu anapenda vyote. Mtu akitaka ushauri wangu, mimi humuuliza mambo mawili tu: unakwenda mwezi gani, na unakwenda na nani?

Nimechukua Pangani na Mtae kwa makusudi. Pangani ni mji mdogo wa pwani ambao bado una maisha yake. Wageni wapo, ila mji hauendeshwi na wageni. Mtae nako ni kijiji hasa, watu wanalima, wanachunga, wanakwenda msikitini na kanisani. Hakuna hoteli iliyojipa jina la kijiji ikajizungushia ukuta. Ukitaka kujua tofauti ya pwani na shamba, hapa utaipata bila chumvi.

Mwezi kwanza, mahali baadaye

Mazoea yetu ni kukimbilia baharini Desemba, shule zikifungwa. Kwa upande wa joto, hayo ni mazoea ya kujitesa. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, Pangani ina fukuto la kumfanya mtu abadili shati mara tatu kwa siku. Umeme ukikatika usiku, feni inasimama na usingizi unakwisha. Miezi hiyo hiyo Mtae kuna jua la kiasi. Mvua za vuli zikishapita, asubuhi nyingi huwa wazi: chini yako unaiona nyika ya Mkomazi, kando yake milima ya Upare, na siku hewa ikiwa safi sana, Kilimanjaro kwa mbali.

Juni mpaka Agosti mambo hugeuka. Pangani inapoa, mchana unatembea bila kutota jasho, usiku shuka inatosha. Mtae ni baridi ya kweli, ile ya mablanketi mawili na soksi kitandani, na ukungu unaweza kuketi juu ya kijiji siku nzima, ukasimama kwenye ukingo wenyewe usione hata mti ulio hatua kumi mbele yako. Nimewaona watu waliosafiri kutoka Dar mwezi wa Julai kwa ajili ya mandhari wakaondoka wamepiga picha ya weupe mtupu.

Kwa hiyo, kama nia yako ni kupumzika, kanuni yangu ni rahisi: Desemba panda, Julai shuka.

Kanuni hiyo ina tundu moja, na ni lazima nilitaje. Julai ni ya kusi. Upepo unavuma kwa nguvu, bahari inachafuka, nahodha mwenye akili anaweza kukataa kutoka, na maji hayawi maangavu. Ukienda baharini ili uvae miwani ya kuzamia na kuangalia matumbawe, Julai haikufai. Tafuta Oktoba na Novemba, kusi ikishalala, au Februari, ukubali joto. Anayetaka tu kukaa chini ya mnazi, kula samaki na kutembea ufukoni jioni, kusi haimpunguzii kitu. Tena inamfukuzia mbu.

Masika, Machi hadi Mei, usiende kokote kati ya huku kuwili. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ina historia ya maporomoko ya udongo na mawe, na njia za vijijini huteleza hata kwa magari yenye nguvu. Pangani nako mto unaleta tope lote la bara na kulimwaga baharini, mpaka maji ya mbele ya mji yanakuwa na rangi ya chai. Mwenye uhuru wa kuchagua mwezi wowote achague Septemba au Oktoba. Hapo kote kunakalika, na ndipo swali la pili linapokuwa na uzito.

Pangani hufuati saa ya ukutani

Mgeni wa bara akifika ufukoni mchana akakuta bahari imeondoka, imebaki nyanda ya mchanga, mwani na kaa wanaokimbiakimbia, hudhani amedanganywa na picha. Hakudanganywa. Pwani siku hupangwa na maji. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kukauka sana. Katikati yake ni maji mafu, hayajai sana wala hayakauki sana.

Mpangaji wa likizo atafaidika na jambo hili moja: katika pwani yetu hii, siku za bamvua maji hukauka kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa karibu na saa kumi jioni. Maana yake ni kwamba siku hizo asubuhi unakwenda kwenye mafungu na miamba, na jioni, jua likishapoa, unaogelea ufukoni kwenye maji mengi. Siku za maji mafu mpango huo unavurugika. Maji yanajaa asubuhi na usiku, na jioni unakuta yamepwa. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hana haja hata ya programu ya simu. Tarehe za mwanzo wa mwezi, na tena kuanzia 14 hadi 17, ni bamvua. Panga likizo yako ya siku nne hapo na utakuwa umefanya zaidi ya wengi wanaolipa hoteli kubwa.

Ninasisitiza bamvua kwa sababu ya Maziwe, baharini karibu na Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walikuwa wakipanda kutaga kwa wingi. Kilihifadhiwa, lakini bahari iliendelea kukila. Miti ikaisha miongo kadhaa iliyopita, na leo ni fungu la mchanga mweupe linaloibuka maji yakipwa na kumezwa maji yakijaa. Kasa bado hupanda kutaga humo, hawajui kwamba kisiwa kimekwisha, na mayai yamekuwa yakihamishiwa ufuo wa Ushongo ili yasiozwe na maji. Kulizunguka fungu kuna matumbawe na samaki wa rangi zote. Unaondoka asubuhi na maji yanapokupwa, unakaa saa mbili tatu, unarudi kabla mchanga haujatoweka miguuni pako. Kiingilio ni cha hifadhi za bahari, na kinalipwa mbali na nauli ya mashua, hivyo uliza mapema bei uliyotajiwa imejumlisha nini. Mtu akikuambia mnaweza kwenda saa yoyote, huyo hajui bahari au anataka pesa yako ya leo.

Jambo la pili ambalo wageni hawaambiwi: usiogelee mbele ya mji. Pangani imekaa mlangoni mwa mto, na mkondo wake una nguvu hasa maji yanapotoka. Mtoni kuna mamba pia. Fukwe za kuogelea ziko kaskazini ya mji, au ng'ambo ya mto, ukivuka kwa kivuko hadi Bweni na kuendelea kwa bodaboda au gari mpaka Ushongo. Ufukoni nako vaa viatu vya mpira unapopita kwenye miamba. Wale viumbe wa miiba mieusi hawana huruma na unyayo wa mtoto.

Mto wenyewe, hata hivyo, ni nusu ya raha ya Pangani. Unapanda mashua alasiri, unapita mikoko na mashamba ya minazi, ndege wanarudi kulala, na hakuna anayekutaka ufanye chochote. Kwa wazee na kwa mama mwenye mtoto mchanga sijui matembezi mengine yanayowafaa hivi.

Mtae unaishi kwa miguu yako

Pangani unaweza kukaa wiki nzima bila kutembea kilomita mbili. Mtae, usipotembea, siku ya pili utaanza kuhesabu mabati ya nyumba za jirani. Hakuna ufuo, hakuna mashua, hakuna baraza la kahawa linaloanza saa kumi na kuendelea mpaka usiku. Kuna njia za miguu. Zinakwenda Mambo kwa kufuata ukingo, zinakwenda msitu wa Shagayu, zinashuka mabondeni kwenye mashamba ya kabichi, karoti, viazi na maharage, zinapanda tena upande wa pili. Miteremko yake huwa haionekani kwenye picha. Magoti yako yatakuwa ya kwanza kuijua.

Malipo ya kazi hiyo ni makubwa. Hewa ni nyepesi, kila kona ina chemchemi au kijito, na kuna vinyonga wa aina ambazo hazipatikani kokote duniani nje ya milima hii, mmoja wao ana pembe mbili puani. Watoto wa kijiji watakutafutia, mradi usiwaambie wamkamate wamlete. Waambie wakupeleke alipo. Njiani kutoka Lushoto unapita Magamba, msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, wenye mbega weusi kwa weupe. Ninashauri mtu alale Lushoto usiku mmoja na kuutembelea kabla ya kuendelea juu. Lile ua dogo la zambarau ambalo wazungu huliotesha kwenye vyungu madirishani asili yake ni Usambara na milima ya jirani. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire ndiye aliyelipeleka kwao miaka ya 1890, na kwa zaidi ya miaka mia moja jina lake la kisayansi lilikuwa la huyo Mjerumani: Saintpaulia.

Chukua kijana wa kukuongoza. Hasara ya kupotea si kubwa, maana kila baada ya nusu saa utamkuta mtu anayepalilia. Hasara kubwa ni kupita kwenye shamba la mtu bila salamu. Msambaa ukimwamkia "Onga makeo" asubuhi, hata kwa matamshi ya kuchekesha, mazungumzo yanabadilika na mara nyingi unaondoka na miwa au peasi mkononi. Ukipita kimya na simu imeelekezwa usoni kwake, umefanya ukosefu wa adabu, na huko habari hutembea haraka kuliko wewe.

Ukingo wa Mtae hauna uzio. Narudia kwa wenye watoto wa miaka mitatu mpaka saba, wale wanaokimbia kabla ya kufikiri: hakuna uzio, na ukungu unaweza kuingia katika dakika chache.

Kufika

Hapa Pangani inashinda, ingawa si kwa mbali kama watu wanavyodhani. Kutoka Tanga mjini ni kama kilomita 50 kuelekea kusini. Kwa miaka mingi ilikuwa barabara ya vumbi na matuta. Sasa imo katika mradi wa lami unaounganisha Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga, pamoja na daraja la kuvuka Mto Pangani. Uliza hatua iliyofikiwa kabla hujaondoka, hasa kama unataka kuja kutoka Bagamoyo kwa kupitia Saadani, njia ambayo ikipitika ni likizo peke yake, kwa kuwa Saadani ndiyo hifadhi ya taifa ambako tembo na bahari vinakutana. Anayetoka Mombasa anavuka Lungalunga na Horohoro, anafika Tanga, na zilizobaki ni saa chache tu.

Mtae ni safari ya kujitolea. Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami nyembamba yenye kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande mwingine. Mwenye kichefuchefu cha gari akae mbele na asile mayai Mombo. Kutoka Lushoto hadi Mtae ni zaidi ya kilomita 50 nyingine, nyingi za udongo, na basi linasimama kila penye mtu mwenye gunia. Mabasi ya kijijini yana tabia ya kuondoka alfajiri giza bado halijatoka. Ukilikosa hilo, umejiongezea siku. Kwa hiyo likizo ya siku tatu ya Mtae ukitoka Dar ni siku moja ya kukaa na mbili za kukaa ndani ya gari. Mwenye siku tatu tu aende Pangani, au aishie Irente, nje kidogo ya Lushoto, ambako pia kuna ukingo wa kutazama, na shamba la kanisa linalouza jibini na mikate.

Kulala, kula na mfuko

Mtae gesti ni chache na za kawaida: kitanda, mablanketi, maji ya moto ya kuoga yanaletwa kwenye ndoo. Ni rahisi, na ukarimu haukosekani, ila usitegemee kuchagua. Chakula kinaagizwa mapema. Ukifika saa mbili usiku bila kumwambia mama wa gesti, utakula chai na mkate, na hatakuwa amekukosea. Kilichopo ni kizuri: viazi vilivyochimbwa juzi, maharage mapya, mboga za majani, maziwa, na msimu wake ukifika, plamsi na peasi za bei ya kuona aibu kupunguza. Nyama haipo kila siku.

Pangani ina uwanja mpana zaidi. Kuna gesti za mjini za bei ya kawaida, na kuna hoteli za ufukoni, Ushongo hasa, ambazo nyingi zinalenga wageni wa nje na bei zake zinaandikwa kwa dola. Katikati ya hizo mbili kuna pengo, na familia ya kipato cha kati ndiyo inayolisikia. Kwa watu sita au zaidi ningetafuta nyumba ya kupanga na kujipikia. Samaki unanunua dikoni, vyombo vinaporudi, ukiwa na mwenyeji wa kukusaidia bei. Kusi ikiwa kali samaki ni wachache na ghali. Usiku wa mbalamwezi dagaa hawavuliwi, kwa sababu taa za wavuvi hazina kazi mwezi ukiangaza. Chakula cha pwani sina haja ya kukisifia: changu wa kupaka, pweza wa nazi, mihogo ya nazi, mkate wa kumimina, na bada, ugali wa muhogo, kwa anayetaka kula kama watu wa Tanga wenyewe.

Gharama inayowashangaza watu Pangani ni mashua. Bei ni ya chombo, haihesabu vichwa. Mkiwa wawili inauma, mkiwa wanane haionekani. Mtae gharama iko kwenye usafiri, hasa ukikodi gari, na ukishafika huna pa kutumia pesa hata ukitaka. Kote kuwili beba fedha taslimu za kutosha pamoja na za kwenye simu.

Malaria ipo zaidi pwani. Chandarua ni lazima Pangani, na watoto wapakwe dawa ya mbu kuanzia magharibi. Milimani mbu ni wachache, lakini usijidanganye kwamba hawapo, kwanza njiani utapita Mombo na Korogwe ambako ni bondeni na joto.

Vitu vya kale, kwa wanaovipenda

Hapa sina shaka hata kidogo, Pangani ni tajiri zaidi kwa macho. Kuna Boma, kuna nyumba za zamani za wafanyabiashara wa Kihindi zenye roshani zinazoanza kulegea, kuna majengo yaliyotumika enzi za biashara ya watumwa, maana mji huu ulikuwa mlango wa misafara ya pembe na watu kutoka bara. Agosti 1888 ndipo vurugu za kupinga bendera ya kampuni ya Wajerumani zilipoanzia, na Abushiri bin Salim akaongoza vita vilivyoenea pwani nzima. Wajerumani walipomkamata walimnyonga papa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Majengo mengi hayatunzwi inavyostahili. Nenda na mwongozaji wa mji, vinginevyo utaona kuta tu zenye ukoga.

Usambara historia yake haikujengwa kwa mawe. Ufalme wa Wakilindi, uliosimikwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka Unguu, ulikuwa na makao yake Vuga, na wakati wa mfalme Kimweri ye Nyumbai nguvu yake ilifika mpaka pwani. Ndiyo maana mwaka 1857 wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke, kabla ya kwenda kutafuta maziwa makuu, walipanda kutoka Pangani hadi Vuga kumwona mzee huyo. Njia ya kutoka mji huu wa pwani hadi mlimani ni ya zamani kuliko mipaka yetu ya mikoa. Ila ukifika Vuga leo unahitaji mtu wa kukusimulia; jicho peke yake halitakusaidia. Mtae kuna kanisa la Kilutheri la enzi za wamisionari wa Kijerumani, nalo linastahili nusu saa yako.

Basi nani aende wapi

Familia yenye watoto wadogo na bibi anayelalamika magoti: Pangani, bila mjadala, na ikiwezekana Julai. Ardhi ni tambarare, bibi atapata wa kuongea naye barazani, watoto watachimba mchanga mpaka wachoke. Mkiwa na vijana wa kidato cha pili au cha tatu ambao simu imewatawala, wapelekeni Mtae. Watanung'unika kupanda mlima wa kwanza. Wa tatu watakuwa mbele yenu.

Wachumba au wanandoa wapya huwa wanadhani jibu lao ni pwani. Sina hakika. Hoteli ya ufukoni ya kwenye dola ikiwa ndani ya uwezo wenu, sawa. Mkiwa na bajeti ya gesti ya mjini, kumbukeni Pangani ni mji wa heshima zake: watu wanajifunika, mavazi ya kuogelea yanaishia ufukoni, na kushikana kiuno barabarani kutawaletea macho. Mtae nako kuna heshima zake, Waislamu na Walutheri wamechanganyika, lakini baridi na njia ndefu za msituni zinawapa wawili faragha ambayo mji mdogo wa pwani hauna.

Aliyechoka mwili, yule anayesimama kazini kutwa, dereva, muuguzi, mwenye duka, asiende kupanda milima eti kwa kuwa hewa ni nzuri. Pangani. Aliyechoka kichwa kwa kukaa mbele ya kompyuta, mgongo umeganda na usingizi haumjii, huyo ndiye wa Mtae. Atalala saa mbili usiku bila kubembelezwa. Mwenye pumu aifikirie baridi ya Juni mara mbili.

Angalia pia kama likizo yako inaangukia mwezi wa Ramadhani. Pangani mchana mikahawa mingi hufungwa, na mgeni asiyefunga anapaswa kula ndani. Jioni, kwa upande mwingine, futari ya pwani ni sababu ya kutosha ya kwenda. Kumbuka tu mwezi huo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, usitumie kalenda ya mwaka jana.

Mkitaka vyote viwili

Siku saba zinatosha, na mpangilio una maana: anzeni juu, malizieni chini. Mkianza na bahari, miili imeshalegea, na kupanda kutakuwa adhabu. Usiku mmoja Lushoto, mitatu Mtae, kisha mnashuka Mombo, mnapita Korogwe na Segera hadi Muheza. Kutoka Muheza kuna njia ya vumbi inayokata moja kwa moja hadi Pangani kupitia Boza, ambayo kiangazi inapitika vizuri na kufupisha safari. Mvua ikiwa imenyesha zungukeni Tanga. Hesabuni nyuma kutoka kwenye bamvua: siku ya kufika Pangani iwe tarehe 14 ya mwezi wa Kiislamu, Maziwe iwe kesho yake asubuhi, na gesti ya Mtae ipigiwe simu wiki moja kabla, pamoja na kuulizwa basi la kushuka linaondoka saa ngapi na linaanzia wapi. Mkivuka kwenda Ushongo jioni, ulizeni pia kivuko kinafanya kazi mpaka saa ngapi siku hiyo, kwa sababu ukibaki ng'ambo isiyo yako usiku, bei ya mtumbwi unaitajiwa na mwenye mtumbwi.